Kaini Hakujibu: Nyimbo za Pop, Wivu wa Ndugu na Neno la Mungu



Mpendwa kijana, leo naomba nikupeleke ukumbini. Ni Jumapili mchana baada ya Misa ya pili. Vijana wa parokia ninayofanyia mwaka wangu wa kichungaji wamekaa kwenye mabenchi, kama arobaini hivi. Mada niliyopewa ni upendo katika familia. Mimi na shahada yangu ya falsafa nimejiandaa kweli kweli. Nikasoma habari ya Kaini na Abeli, nikaeleza Aristotle alisema nini juu ya wivu, nikaeleza Mtakatifu Thomas wa Akwino alisema nini. Halafu nikauliza swali ambalo leo nikilikumbuka naona aibu: "Je, kuna yeyote hapa anayemwonea wivu ndugu yake?"

Kimya. Wengine wanatazama sakafu, wengine simu. Mwishowe kijana mmoja akajibu kwa niaba ya wote: "Hapana Frateri, sisi tunapendana." Ukumbi mzima ukacheka. Nikafunga kwa sala, tukaenda zetu.

Usiku ule nililala na swali. Hawa vijana nawajua. Nimekaa nao kwenye jumuiya, nimekula nyumbani kwao. Yupo asiyesalimiana na dada yake tangu Pasaka. Yupo ambaye kaka yake akisifiwa mbele ya watu, yeye anatoka nje. Kwa nini basi hakuna aliyesema? Nikarudi kwenye Biblia, na nikaona jambo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kuliona.

Kaini hakujibu

Fungua Mwanzo 4:6-7 usome polepole. Mungu anaona uso wa Kaini umekunjamana, anamwuliza sababu. Zingatia wakati: bado damu haijamwagika. Abeli yuko hai, yuko na kondoo wake. Mungu anakuja mapema, anauliza kwa upole, tena anamwonya Kaini kwamba dhambi inamvizia mlangoni na kwamba anaweza kuishinda.

Sasa tafuta jibu la Kaini. Halipo. Mungu amemwuliza, naye amekaa kimya. Mstari unaofuata Kaini anasema na Abeli, wako shambani, na yaliyotokea huko unayajua. Anapokuja kufungua kinywa mbele za Mungu, ni kusema hajui ndugu yake aliko.

Nenda sasa Mwanzo 37:4. Ndugu zake Yosefu walipoona baba anampenda yeye kuliko wao, walimchukia, na Maandiko yanaongeza kwamba hawakuweza kusema naye kwa amani. Yaani kabla ya shimo, kabla ya wale wafanyabiashara na safari ya Misri, kitu cha kwanza kufa katika nyumba ya Yakobo kilikuwa maongezi. Salamu zilikufa kwanza.

Halafu Luka 15:25-32, yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu. Huyu naye ana wivu, tena mkali. Ngoma zinapigwa ndani, ndama amechinjwa, yeye yuko nje amenuna. Lakini tazama tofauti yake na Kaini. Baba alipotoka kumsihi, huyu alisema. Alimwaga yote: nimekutumikia miaka mingi, hujanipa hata mbuzi mmoja, na huyu mwanao aliyekula mali yako na makahaba ndiye unayemchinjia! Maneno makali, hata adabu haimo sana. Ila kwa sababu alisema, baba akapata mahali pa kujibu.

Kaini na kaka mkubwa wana ugonjwa mmoja. Mmoja aliunyamazia ukawa kaburi. Mwingine aliusema ukawa mazungumzo na baba. Hapo ndipo nikaelewa kosa langu la Jumapili. Nilikuwa nimewauliza vijana swali la Mungu kwa Kaini, nao wakanijibu kama Kaini. Walihitaji kwanza kitu cha kuwafungua ulimi.

Kwa nini wimbo?

Jumapili iliyofuata niliomba sabufa ya kwaya. Mwenyekiti wa kwaya alipoambiwa ni kwa ajili ya nyimbo za kidunia aliniangalia mara mbili. Simlaumu. Kwa hiyo nieleze.

Wosia wa kitume *Christus Vivit* wa mwaka 2019, ambao Baba Mtakatifu Fransisko aliuandika kwa ajili ya vijana, unagusa jambo la muziki katika namba 226: kijana anaishi ndani ya muziki, unamjenga hisia na utambulisho wake, na kwa hiyo ni nyenzo ya kichungaji. Hilo halina maana kwamba tuingize pop kwenye Misa. Liturujia ina muziki wake na heshima yake. Mimi nazungumzia ukumbi, semina, jumuiya ya vijana, kambi ya mafungo.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1968 vijana wawili wa Kiingereza, Andrew Lloyd Webber aliyekuwa hajatimiza miaka 20, na Tim Rice, waliichukua habari ya Yosefu na ndugu zake wakaitungia nyimbo za pop kwa ajili ya wanafunzi wa shule moja London. Mara ya kwanza ilichukua kama robo saa tu. Ilikua ikawa *Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat*, na mpaka leo watoto wa shule nchi nyingi wanaiimba. Chanzo chake ni kanzu moja ambayo baba alimpa mtoto mmoja na wengine wakabaki wanaitazama.

Wimbo una nguvu gani ambayo mahubiri yangu hayakuwa nayo? Nionavyo mimi ni hii: wimbo unasema "mimi" kwa niaba yako. Mtu akiimba kwamba amechoka kulinganishwa, wewe uliyekaa kwenye benchi hujakiri kitu, hujamsema mama yako, hujamvunjia heshima kaka yako. Ameimba yeye. Lakini moyoni umeitikia, na ukishaitikia moyoni, mdomo hauko mbali.

Wimbo wa kwanza: dada wawili

Nilianza na wimbo wa zamani kuliko wazazi wa wengi wao: "Two Sisters" wa bendi ya The Kinks, wa mwaka 1967. Ni mfupi sana. Nilikuwa nimeandika maana yake kwa Kiswahili ubaoni.

Unasimulia dada wawili. Mmoja hajaolewa, anajitazama kwenye kioo, ana marafiki wa mjini, anaenda atakako. Mwingine ameolewa, yeye anatazama mashine ya kufulia nguo, ana watoto na vyombo. Huyu wa nyumbani anamwonea wivu mwenzake, anatamani kutupa vyombo vyote atoke. Mwishoni anawatazama watoto wake wadogo, anaona kwamba yeye ndiye mwenye nafuu kuliko yule dada wa starehe, na wivu unamwisha.

Bendi yenyewe ilikuwa ya ndugu, Ray na Dave Davies, vijana wawili wa mwisho katika nyumba ya London iliyokuwa na dada sita wakubwa. Ray, mtunzi, alikuwa ameoa mapema na ana mtoto. Dave, mdogo wake, alikuwa bado kijana wa mjini. Wengi wameusikia wimbo huu kama habari yao wenyewe, ila kaka amewavika gauni.

Nilipouliza, "Nani katika wimbo huu unamfahamu?" mikono ilianza kupanda. Binti mmoja akasema, "Mimi ndiye wa mashine ya kufulia, ila kwetu ni beseni." Tulicheka, lakini safari hii ilikuwa cheko nyingine. Kijana wa bodaboda akasema mdogo wake yuko chuo Dodoma, akirudi likizo anaulizwa habari za masomo hadi usiku, yeye hata hajaulizwa kama pikipiki ilipata abiria. Ukumbi ukafunguka.

Hapa Aristotle wangu wa wiki iliyopita akapata kazi. Katika kitabu chake cha *Retorika* anasema tunawaonea wivu walio karibu nasi na wanaofanana nasi: kwa umri, kwa ukoo, kwa mahali. Ndiyo maana hakuna mtu pale ukumbini aliyemwonea wivu tajiri wa Marekani. Tunamwonea wivu tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Mtakatifu Thomas naye anauita wivu huzuni kwa sababu ya jema la mwenzako. Sikia neno hilo: huzuni. Kabla haujawa chuki, wivu ni mtu mwenye huzuni. Katekisimu inauweka kati ya zile dhambi saba zinazozaa nyingine, na ni kweli, lakini mzazi wa dhambi hizo mara nyingi ni mtoto aliyekaa kona anasubiri kuitwa na yeye.

Sasa, je, wimbo ule umeponya? Niliwauliza vijana hivyo, na ninakuuliza na wewe. Yule dada ametulizwaje? Ametulizwa kwa kuona kwamba yeye ana nafuu kuliko mwenzake. Yaani mizani bado iko pale pale mezani, ila safari hii upande wake umeshuka kwa uzito. Na kesho? Dada akiolewa vizuri, akapata watoto wazuri kuliko wako, je? Mizani itainuka tena, na wivu utarudi kama malaria ambayo haikumaliziwa dozi.

Baba wa Luka 15 anafanya tofauti. Yule kaka mkubwa amekuja na mizani yake: mbuzi upande huu, ndama upande ule. Baba hakumwambia kwamba yeye ni bora kuliko mdogo wake, wala kwamba mdogo ni bora kuliko yeye. Alimwambia kwamba yupo naye siku zote, na kwamba vyote vya baba ni vyake. Aliiondoa mizani mezani. Upendo wa baba si ndama mmoja ambaye mwenzako akila paja wewe unabaki na mifupa. Huko wimbo haukufika. Wimbo ulitufikisha mlangoni kwa uaminifu, na Neno likatuingiza ndani.

Wimbo wa pili: anayebeba

Wimbo wa pili wengi walikuwa wanaujua, hasa wenye wadogo wanaopenda katuni: "Surface Pressure," kutoka filamu *Encanto* ya mwaka 2021, uliotungwa na Lin-Manuel Miranda. Anayeuimba ni Luisa, dada mwenye nguvu za ajabu katika familia moja ya Kolombia. Kila mtu anamwita Luisa: hamisha daraja, beba punda, sogeza kanisa. Katika wimbo anamfunulia mdogo wake Mirabel jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba anaogopa. Kama hataweza kubeba, yeye ni nani tena?

Miranda mwenyewe ameeleza kwamba alipoutunga alikuwa anamfikiria dada yake mkubwa. Kwa hiyo wimbo huu una kitu cha pekee: ni sauti ya mkubwa aliyebeba, lakini kalamu ni ya mdogo aliyebebewa. Mdogo amekaa chini, amejiuliza mkubwa alikuwa anasikia nini miaka yote ile, akamwandikia maneno yake.

Nilipomaliza kueleza hivyo, binti yule wa beseni akanyosha mkono. Nilidhani anataka kuchangia. Akauliza, "Na wewe Frateri? Ndugu yako hakuonei wivu?"

Nilikuwa na jibu la haraka la kuchekesha. Halikutoka. Ukumbi ulikuwa umenyamaza, na mimi ndiye niliyekuwa Kaini.

Firigisi

Basi nikawaambia, na wewe nakuambia.

Kwetu ni Mbinga, kwenye kahawa. Baba alifariki mimi nikiwa darasa la sita na kaka yangu akiwa kidato cha pili. Kaka aliacha shule, akashika jembe. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Aliamka tu asubuhi akaenda shambani, na kesho yake tena. Kahawa ile ndiyo iliyonilipia seminari ndogo.

Tangu msiba, mama akichinja kuku, firigisi aliiweka kwenye sahani ya kaka. Wewe unayetoka kwenye nyumba za namna hiyo unajua maana yake. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Hakuna aliyemtangaza kaka kuwa mwenye nyumba. Firigisi ndiyo iliyotangaza.

Mwaka wa kwanza nilioruhusiwa kuvaa kanzu, nilirudi likizo. Majirani walikuja, mama alilia kwa furaha, kuku akachinjwa. Kaka aliingia kutoka shambani na mabuti yake, akanawa, akakaa. Mama akapakua. Firigisi ikaja kwenye sahani yangu.

Niliiona. Kaka naye aliiona. Akasema kwa kutabasamu, "Haya, Baba Padri amefika, sisi wa jembe tunakula shingo." Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao. Halafu nikaila.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, na ilinichukua miaka mitatu na nyimbo mbili kuiita jina. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe kama Yosefu kanzu yake, na kama Yosefu wa miaka 17, sikuona nyuso zilizokuwa zimenizunguka. Tangu siku ile kaka aliacha kuniita kwa jina la nyumbani. Ananiita "Frateri." Kwa heshima kabisa. Na salamu zetu zikawa fupi kama za ofisini.

Tukihubiri juu ya wivu huwa tunamsema anayeona wivu. Ni sawa. Lakini aliyependelewa naye ana kazi ya kufanya. Yosefu hakuomba kanzu, ni kweli, na mimi sikuomba firigisi. Ila ningeweza kuinyanyua kwa mkono wangu, nikaiweka kwenye sahani ya mwenye nyumba. Ingechukua sekunde mbili.

Tusichanganye wivu na haki

Kabla hujaenda kufanya somo hili na vijana wenzako, kuna onyo muhimu. Si kila uchungu kati ya ndugu ni wivu.

Siku ile ile, baada ya wengine kuondoka, binti mmoja alibaki. Kwao yeye hupika na kuchota maji wakati kaka zake wanaenda tuisheni, na sasa anaambiwa hatarudia mtihani kwa sababu ada ni ya wavulana. Akaniuliza kama akaungame wivu. Nilimwambia hapana. Kutaka nawe usome si kuhuzunikia jema la kaka yako. Ni njaa ya haki, na Bwana wetu aliwaita heri wenye njaa hiyo. Nikamsomea Hesabu 27:1-7, habari ya mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa na kusanyiko lote wakadai urithi. Musa alipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti hao wana haki. Hakuwaambia wana wivu.

Kwa hiyo jipime hivi: je, ninachotaka ni mwenzangu apungukiwe, au ninataka na mimi nipate kilicho haki yangu? La kwanza lipeleke kwenye Kitubio. La pili lipeleke kwa mtu mzima mwenye hekima: Baba Paroko, sista, mlezi wa vijana, mwenyekiti wa jumuiya. Yule binti suala lake lilifika kwa Baba Paroko, naye amekwenda kukaa na wazazi wake. Na ukisikia habari za kupigwa au kudhalilishwa, hapo si mahali pa nyimbo tena. Mtafute mkubwa siku hiyo hiyo.

Namna ya kuendesha somo hili

Kwa viongozi wa TYCS, VIWAWA na vikundi vingine, haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kukosea.

*Chagua wimbo mmoja au miwili tu.* Sikiliza peke yako mara tatu kabla. Jua kila neno linasema nini, maana kuna nyimbo zenye maudhui mazuri ubeti wa kwanza na matusi ubeti wa tatu. Kama ni wa lugha ya kigeni, andika maana yake kwa Kiswahili.

*Upigeni mara moja bila maelezo.* Usihubiri katikati. Waache wasikie.

*Uliza maswali mawili:* Nani anaimba? Nani hasikiki? Hili la pili ni la thamani sana. Katika wimbo wa dada wawili, yule wa mjini hatumsikii moyo wake. Labda naye usiku analia akitamani watoto. Katika kila ugomvi wa ndugu kuna mtu ambaye wimbo wake haujapigwa.

*Gawa karatasi.* Kila mtu aandike sentensi moja ambayo hajawahi kumwambia ndugu yake. Hakuna jina, hakuna kusomwa, hakuna kukusanya. Usimlazimishe mtu kusema hadharani. Karatasi ni yake na Mungu wake.

*Ndipo msome Neno.* Mwanzo 4 kwa wanaonyamaza, Luka 15 kwa wanaonuna nje ya mlango, Mwanzo 37 kwa waliopewa kanzu. Acha dakika tano za kimya cha kweli.

*Malizia na tendo moja dogo:* kupiga simu, kutuma ujumbe, kuosha vyombo vya mwenzako. Dogo, lakini la wiki hii.

Na usitarajie wimbo mmoja au mkutano mmoja kumaliza kazi. Wengi wenu mmecheza nyimbo za P-Square, mapacha wa Nigeria walioitwa kwa majina ya mitume wawili, Peter na Paul. Waliachana mwaka 2017, wakapatana Novemba 2021 walipotimiza miaka 40, dunia ikashangilia, na mwaka 2024 wakaachana tena. Sisemi hivyo kuwacheka. Nani kati yetu hajapatana na kuachana? Nasema kwa sababu Bwana alipomwambia Petro asamehe mara sabini mara saba, alikuwa anajua ndugu ni watu gani.

Mwisho wa habari ya Yosefu

Watu wengi hukumbuka Yosefu alivyolia na kujitambulisha. Mimi naomba utazame kwanza Yuda, katika Mwanzo 44:18-34. Yakobo hajabadilika. Bado ana kipenzi, sasa ni Benyamini. Upendeleo uko pale pale. Aliyebadilika ni Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumwuza Yosefu. Sasa anasimama, anasema maneno mengi kuliko wote, anakiri wazi kwamba roho ya baba imefungamana na ya huyo mdogo, na anajitoa abaki mtumwa ili mdogo arudi nyumbani. Mizani ya baba haijasawazishwa, ila Yuda ameacha kuipima.

Halafu Mwanzo 45:15. Yosefu anawabusu ndugu zake wote na kulia, na baada ya hayo ndugu zake wakazungumza naye. Unakumbuka 37:4? Hawakuweza kusema naye kwa amani. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na ishara ya kwanza kwamba nyumba imepona ni ile ile iliyokuwa ya kwanza kufa: maongezi.

Alhamisi ya wiki ile nilimpigia kaka. Alipokea akasema, "Shikamoo Frateri," kwa utani wake ule wenye mwiba. Nikamwambia, kaka, unaikumbuka ile firigisi? Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. Nikasema, ile ilikuwa yako. Niliijua ni yako, na nikaila. Nisamehe.

Hakusema amenisamehe. Alianza kunieleza habari za kahawa, kwamba mvua zimechelewa, kwamba mibuni ya chini karibu na mto ambayo baba aliipanda imezeeka na anataka kuing'oa lakini moyo unakataa. Alizungumza robo saa nzima. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinieleza jambo la shamba. Mwishoni akasema, "Haya dogo, dakika zako zitaisha."

Dogo. Hatujamaliza, mimi na yeye. Lakini likizo ijayo najua sahani ipi nitaisogeza wapi.

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Mungu akikuuliza leo kwa nini uso wako umekunjamana, ungejibu jina la nani?
2. Katika nyumba yenu, wewe umewahi kuvikwa kanzu gani ambayo ndugu zako waliitazama tu?
3. Kuna ndugu ambaye salamu zenu zimekuwa fupi? Zilianza kufupika lini?

Tusali

Ee Baba, wewe uliyetoka nje kumsihi mwanao aliyenuna, toka na kwetu. Tufungue midomo tukuambie uchungu wetu kabla haujatufikisha shambani. Uwape unyenyekevu wale uliowapa vingi, na uwape amani wale wanaosubiri. Tuondolee mizani mikononi, utupe sahani ya kugawana. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumwombe Mama Bikira Maria atuombee sisi na ndugu zetu wote. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.